Nani anakuambia kuna kazi? Historia niliyoianza kwenye majani ya Mulago

Zamu ya wiki hii ni yangu, na mada niliyopewa ni kutafuta kazi kwa mitandao. Najua wengi mnangoja niwataje majina ya programu za kupakua. Tutafika huko, lakini nitazunguka kidogo kwanza, juu mimi ni mtu wa kupenda historia, na nilichojifunza juu ya hii mambo nilijifunza kwa kuangalia nyuma.

Mnakumbuka mwaka 2023 nilitoka hapa Nakivale nikaenda Kampala na mama mdogo, alipopewa barua ya kutibiwa Mulago. Nilikaa kule wiki saba kama mlinda mgonjwa, wale Waganda wanaita abajjanjabi. Mlinda mgonjwa ana kazi nyingi asubuhi: kutafuta maji ya moto, kununua dawa, kufua. Baada ya saa sita hana kazi. Tulikuwa tunaanika nguo kwenye majani, tunakaa kwenye kivuli, kila mtu na simu yake mkononi. Hapo ndipo niliona kitu. Watu kutoka Arua, Mbarara, Goma, Juba, hawajuani, lakini wakishaulizana habari ya mgonjwa, swali la pili ni lile lile: "Kwenu huko kuna kazi?"

Nikajiuliza, zamani watu walijuaje kuna kazi? Kabla ya simu, kabla ya gazeti?

Tuanze na hicho kilima chenyewe. Hospitali ya Mulago ilianzishwa mwaka 1913, na daktari Albert Cook, yule yule aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa nyuma yake. Makerere, kilima cha pili, ilianza mwaka 1922 kama chuo cha ufundi, na mafunzo ya udaktari yakaanza muda mfupi baadaye kwa kutumia wagonjwa wa Mulago. Mwaka 1962, mwaka wa uhuru, likafunguliwa lile jengo kubwa tunaloliona leo. Vilima viwili vile vilihitaji wafagiaji, wapishi, wafuaji, waganga wasaidizi, makarani. Katikati yao, kwenye bonde, kuna mtaa wa watu wa hali ya chini unaitwa Katanga. Mkongomani akisikia jina hilo lazima acheke. Mimi nilicheka.

Sasa hao wafanyakazi wa Buganda walitoka wapi? Wengi walitoka upande wetu. Kuanzia miaka ya 1920, watu wa Ruanda-Urundi, wakati huo chini ya Wabelgiji, walianza kutembea kwa miguu kuja Buganda kulima pamba na baadaye kahawa kwenye mashamba ya Waganda. Walikuwa wanakimbia kazi za lazima na kodi, na wengine njaa. Njia ilivuka upande wa Kagera, ikapita Mbarara, ikaingia Masaka. Mama mmoja Mwingereza, Audrey Richards, aliyeongoza taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere, alitoa kitabu juu ya wahamiaji hao mwaka 1954. Ukiwaza safari ile unaelewa kwamba hakuna aliyetembea wiki nzima na zaidi kwa sababu ya tangazo. Alitembea kwa sababu mtu wa kijiji chake alirudi na shati jipya na baiskeli, akasema: nenda kwa mzee fulani, mahali fulani, analipa. Habari ilikuwa ndani ya mtu. Ukimkosa mtu huyo, umekosa kazi.

Upande wa pili, kwetu Kongo, mambo yalikuwa tofauti. Migodi ya shaba ya Katanga haikungoja watu wasikie. Mwaka 1910 iliundwa ofisi iliyoitwa Bourse du Travail du Katanga, kazi yake kwenda vijijini kukusanya vibarua, mara nyingi kwa kupitia machifu, na hapo neno "kuajiriwa" lilikaa karibu sana na neno "kukamatwa." Wazee wetu walikuwa na haki ya kumwogopa mgeni anayefika kijijini akisema ana kazi nzuri mbali. Mnisamehe nikirudia hili hapo chini, maana na mimi ningemwogopa ningekuwa na akili yao.

Na Kenya kulikuwa na kipande. Hii ndiyo sehemu ya historia iliyonikaa kichwani kuliko zote. Kuanzia karibu mwaka 1920, kila mwanaume Mwafrika aliyefika miaka 16 alilazimishwa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake, ndani ya kikopo cha chuma, na wengi walikivaa shingoni kwa kamba. Ndani iliandikwa jina la mwajiri, siku uliyoanza, siku uliyomaliza, mshahara wako. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachia, huwezi kwenda kwa mwingine, unaitwa mtoro. Na mwajiri mpya akiona ulilipwa shilingi chache, kwa nini akupe zaidi? Watu walikichukia sana, kikaondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940.

Nataka mfikiri hapo kidogo. Kipande kilikuwa historia yako ya kazi, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwa bosi. Wewe ulibeba tu. Leo mtu anafungua ukurasa wake LinkedIn au anaandika maneno mawili chini ya picha yake WhatsApp, hiyo nayo ni historia ya kazi yake, lakini kalamu anayo mwenyewe. Halafu tunaandika nini? "Mungu ni mwema." "Naishi maisha yangu." "Hustler." Babu aliyevaa chuma shingoni angetushangaa.

Baada ya uhuru ikaja enzi ya karatasi. Kampala kulikuwa na gazeti la Uganda Argus, likafuatwa na mengine. New Vision ilianza mwaka 1986, Monitor mwaka 1992. Matangazo ya kazi yalikuwa humo, yamejaa masharti, na mwisho wake ni sanduku la posta. Unaandika barua kwa mkono, unaweka nakala za vyeti, unangoja mwezi. Gazeti halikuwa la kila mtu, lakini lilibandikwa, lilikodishwa, liliazimwa. Nilimkuta Wandegeya mzee mmoja muuza magazeti, akaniambia kwamba vijana wa Makerere walikuwa wanalipa kidogo kusoma ukurasa wa kazi tu, wamesimama, halafu wanarudisha. Faida ya gazeti ni kwamba tangazo lilikuwa na anwani na mtu aliyelilipia. Hasara yake, aliyekuwa Nakivale hakuliona, na akiliona tarehe imepita.

Simu za mkononi zilianza katikati ya miaka ya 1990, MTN ikaingia mwaka 1998, na bei ikaanza kushuka. LinkedIn ilizinduliwa Marekani mwaka 2003, Facebook mwaka 2004, WhatsApp mwaka 2009. Mwaka huo huo wa 2009 Facebook ikapata Kiswahili. Kenya vijana wa Twitter wakaanza kuweka alama ya #IkoKaziKE kwenye kila tangazo la kazi wanaloliona, na hapo mtu wa Turkana akaweza kuona kazi ya Nairobi siku ile ile na mtu wa Nairobi. Hiyo ni mapinduzi, tusiidharau.

Lakini Uganda njia haikunyooka. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku. Utasema 200 ni kitu gani? Kwa mwezi ni 6,000, na bado hujanunua bando. Kwa mtu aliye kambini hiyo ni sabuni na chumvi na kiberiti. Watu walikwepa kwa VPN, wengine wakaacha kabisa, mpaka kodi ile ikaondolewa katikati ya mwaka 2021 na badala yake ikawekwa asilimia 12 juu ya data yenyewe. Na mwaka huo huo, Januari, siku za uchaguzi, mitandao ilifungwa, intaneti nzima ikazimwa kwa siku kadhaa, na iliporudi Facebook haikurudi. Ilibaki imefungwa kwa miaka. Ndiyo maana nilipokuwa Mulago mwaka 2023, kazi zilikuwa zinazunguka kwa WhatsApp kuliko kwingine kote. Anayekufundisha kutafuta kazi kwa kutumia vitabu vya Ulaya hajui kwamba hapa ukurasa wako unaweza kulala ukiwa wazi na kuamka umefungwa. Weka CV yako mahali pawili au patatu, na namba za watu muhimu ziandike hata kwa daftari.

Sasa kosa langu. Wiki ya tatu Mulago, kwenye grupu moja ya WhatsApp ya watu karibu mia mbili, likaingia tangazo: shirika kubwa linatafuta watafsiri, Kiswahili na Kinyabwisha na Kifaransa, mshahara mzuri, nafasi chache, wahi. Lilikuwa na nembo. Lilikuwa na mhuri. Nikaandika, nikajibiwa baada ya dakika tano, kwa heshima kubwa: "Hongera, umechaguliwa, tuma 60,000 ya kufungua faili." Mnajua, mimi ni yule yule ninayewaambia nyinyi kila Jumamosi msitume pesa. Lakini nilikuwa na usiku tatu bila kulala, na ndani ya mfuko wangu kulikuwa na pesa ya nauli yetu ya kurudi. Nilituma. Ile namba ikazimika kabla ya jioni. Shirika lenyewe halikuwa na habari; nembo yake iliibiwa tu.

Nilimficha mama mdogo siku mbili. Akaona simuangalii usoni. "Papa, franga ya nauli iko?" Nikamwambia. Akanyamaza, halafu akasema: "Franga itarudi. Lakini weye, uliamini mtu hata haumujue sura?" Hakusema tena, mpaka leo hajasema.

Baadaye nilirudi kuangalia lile tangazo kwa macho makavu. Juu yake kulikuwa na mishale miwili, ile WhatsApp inaweka kwa ujumbe uliopita mikono mingi sana. Kuanzia mwaka 2019 WhatsApp ilipunguza kutuma mbele ujumbe kwa watu watano kwa mara moja, na mwaka 2020 ule wenye mishale miwili ukawa wa mmoja mmoja, kwa sababu uongo ulikuwa unakimbia sana. Mishale haisemi kwamba ujumbe ni uongo. Inasema aliyekutumia hajui ulikotoka. Anwani ya kutuma maombi ilikuwa ya Gmail, si ya shirika. Hakuna tarehe ya mwisho, kuna "wahi" tu. Na kubwa kuliko yote: mashirika ya Umoja wa Mataifa yameandika wazi kwamba hayatozi pesa yoyote kwenye hatua yoyote ya kuajiri, na UNHCR inasema huduma zake zote ni bure. Ukiombwa pesa ili upate kazi, hapo mazungumzo yaishe. Hata kama ni 5,000.

Ya nje ya nchi ni mabaya zaidi. Kuna vijana wa Uganda waliojibu matangazo ya kazi za kompyuta Thailand, wakajikuta Myanmar ndani ya ukuta, wanalazimishwa kutapeli watu kwa simu. Hao hawakuwa wajinga, wengine wana digrii. Yule mgeni wa zamani aliyefika kijijini kwa niaba ya mgodi, leo anafika kwenye simu na haitaji hata kupanda gari.

Basi nikaacha kutafuta. Lakini kazi nilikuwa naifanya bila kuiita kazi. Pale wodini kulikuwa na bamama wa kutoka Rutshuru na Bunagana ambao hawakujua Kiingereza wala Luganda, na muuguzi akifika walikuwa wananiita: kijana, kuja utuambie anasema nini. Kila siku watu wawili watatu. Kumeza dawa mara ngapi, kufunga kula kuanzia saa ngapi, damu itolewe wapi. Siku moja binti mmoja mlinda mgonjwa, Mnyankole, akaniuliza: "Wewe hii unalipwa na nani?" Nikasema hapana mtu. Akasema: "Basi weka kwenye status watu wajue."

Niliandika usiku ule, mistari minne. Kwamba naitwa nani, kwamba nazungumza Kiswahili, Kifaransa, Kinyabwisha na Kiingereza, kwamba kwa wiki tano nimetafsiria wagonjwa Mulago bila malipo, na kwamba natafuta kazi ya kutafsiri, hata ya siku moja. Sikuweka picha ya mgonjwa hata mmoja, na nyinyi msithubutu. Ugonjwa wa mtu si tangazo lako. Niliweka picha ya daftari langu ambamo nilikuwa nimeandika maneno ya hospitali kwa lugha nne.

Marafiki zangu wa karibu waliona, wakaweka moyo mwekundu. Asanteni. Lakini aliyenijibu kwa maana alikuwa mtu niliyesoma naye mwaka mmoja tu sekondari, hatujaongea tangu zamani, hata nilisahau kwamba nina namba yake. Yeye alikuwa anafahamiana na mtu anayepanga mahojiano ya utafiti na familia za Wakongomani upande wa Kamwokya. Nilifanya siku nne. Nauli ilirudi na kuzidi.

Nilidhani ni bahati. Kumbe kuna mtu aliyeandika juu yake kabla hata baba yangu hajaoa. Mwaka 1973 Mmarekani mmoja, Mark Granovetter, alichapisha utafiti wa watu waliopata kazi kwa kupitia mtu wanayemjua, karibu na mji wa Boston. Aliwauliza: huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi? Kati ya 100, kama 17 tu walisema mara nyingi. Kama 56 walisema mara moja moja, na 28 walisema kwa nadra. Sababu yake ni rahisi: rafiki wa karibu anakaa unapokaa, anajua unachojua. Sisi wote hapa Base Camp tunaona ubao ule ule wa matangazo. Yule wa mbali ndiye ana habari ambayo huna. Na mwaka 2022 jarida la Science likatoa utafiti wa miaka mitano wa watu milioni 20 wa LinkedIn, ukaonyesha jambo lile lile, ila kwa marekebisho: anayesaidia zaidi si mgeni kabisa, ni yule wa katikati, mnayefahamiana kidogo na mna marafiki kadhaa wa pamoja.

Fikirini sasa sisi wakimbizi. Nani duniani ana watu wa mbali kuliko sisi? Uliyesoma naye yuko Kakuma, jirani yako wa Masisi yuko Bujumbura, mwalimu wako wa kwaya amepelekwa Ohio. Vita vilitutawanya, na sisi tunawatumia watu hao salamu za Krismasi peke yake. Nafikiri kosa letu kubwa liko hapo kuliko kwenye CV mbaya.

Kwa hiyo ninachofanya sasa ni hivi. Kila Jumapili jioni naandikia watu wawili wa mbali, sauti hapana, maandishi mafupi. Siwaombi kazi. Mtu ukimwomba kazi anaona aibu juu hana ya kukupa, anakimbia. Namuuliza habari: huko kwenu watu wanaofanya kazi kama yangu waliingiaje? Hapo anajibu, na mara nyingi anakumbuka jina la mtu. Status yangu inasema ninachoweza kufanya, na kila baada ya wiki mbili naweka kitu nilichofanya kweli. Jina langu kwenye mtandao ni lile lile lililo kwenye kitambulisho cha mkimbizi, herufi kwa herufi, maana kuna mwenzetu alichaguliwa na akakosa kazi kwa sababu barua pepe yake ilisema "Bad Boy" na karatasi zake zilisema Emmanuel. Picha ya kitambulisho chenyewe siiweki popote.

Na mwajiri akikuambia wakimbizi hawaruhusiwi, usibishane kwa hasira, mwambie taratibu kwamba Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kufanya kazi. Wengi hawajui tu. Mimi ninayo nakala kwenye simu.

Diploma yangu ya Leta ilibaki Rutshuru, labda imeliwa na moto, labda na panya. Siku nyingi niliona bila ile karatasi mimi si mtu. Lile daftari la maneno ya hospitali ndilo limeshika nafasi yake kwa sasa, limefika kurasa 31. Mama mdogo ameniomba nimwandikie na yeye status: anashona sare za shule, ana mashine moja ya kukanyaga, anafanya pia kwa mkopo wa wiki mbili. Nimemwambia tuondoe hiyo ya mkopo. Amekataa, anasema ndiyo inaleta wateja. Tutaiweka kesho mtandao ukikamata.